Safari ya Thelathini

Jumatatu hiyo ya mwezi wa Machi, mwaka wa tisini na mbili, saa kumi za alasiri, Mzee Thoya alikuwa ameketi juu ya mbuzi nje ya nyumba yake ya udongo huko Port Reitz, akikuna nazi ya kuungia mchicha. Tangu afiwe na mkewe Nyamvula alikuna mwenyewe, na aliikuna vibaya, mapande mapande, kama mtu mwenye hasira. Hasira alikuwa nayo. Barua ilikuja kwamba shamba lake amepewa mkubwa mmoja ajenge ghala, na kwamba Alhamisi afisa atakuja kuchukua alama ya kidole chake cha gumba. Katika shamba hilo ndimo alimolala Nyamvula.

Alikuwa ameshika kizio cha pili ndege ya vita ilipotua kwenye mahindi yake.

Ilikuwa ndege ya mabomu, injini mbili, rangi imebabuka. Ilivunja mabua manne. Mzee Thoya alimaliza kukuna, akajifuta mikono, akaenda kuwapokea, maana watu hao aliwajua.

Walishuka Wazungu sita, wamelowa chapachapa, maji ya bahari yakiwachuruzika. Mbele alikuwa rubani, ambaye makuli walimwita Bwana Fupi kwa kuwa aliinama kila mlango. Hakuwa amezeeka hata siku moja.

"Jambo, Thoya. Wewe bado iko zima?"

"Nipo. Mmechelewa."

"Kidogo," alisema Bwana Fupi.

Mwanarusi, jirani aliyekaanga viazi karai, alichungulia juu ya ua wa makuti. "Ewe Mzee Thoya! Waambie wageni wako wazime hayo mapangaboi. Vumbi lote laniingilia kwenye unga!"

"Wanazima."

"Na mbona wamelowa hivyo? Watakufa kwa kichomi."

"Washakufa, Mwanarusi. Zamani."

"Basi na waanike nguo. Kamba yangu i wazi. Lakini soksi zao wasizitundike karibu na kanga zangu, wallahi sitaki."

Enzi za vita vya Wajapani Thoya alikuwa kijana wa miaka kumi na tisa, kuli wa mabomu hapo hapo Port Reitz. Watu wanne walilibeba bomu, wakalisukumiza tumboni mwa ndege, kisha aliyesimama mwisho akaupiga ubavu wa ndege makofi mawili, rubani akajua kwamba tayari. Aliyesimama mwisho ni Thoya. Neno hakusema. Ilikuwa amri ya uwanja: kuli hamsemeshi mwanahewa mpaka asemeshwe. Mmoja alijisahau, akatandikwa viboko kumi na viwili chini ya bendera.

Wanahewa nao walikuwa na amri yao. Aliyetimiza safari thelathini za kuwinda nyambizi alirudishwa kwao. Wengi hawakufika ishirini. Hawa sita walikuwa na ishirini na tisa.

"Sisi nataka bomu," alisema Bwana Fupi, akikamua kofia yake. "Bado safari moja tu. Halafu kwetu." Alieleza kwamba walijaribu kutua kwenye uwanja mpya, wakaulizwa makaratasi, ndipo wakaona bora waje kwa mtu wanayemjua.

Mzee Thoya aliwatazama. Aliikumbuka asubuhi ile ya mwezi wa nane, mwaka wa arobaini na tano. Kombe, mpishi wa maofisa, alipita na birika akamnong'oneza: redio imesema tangu alfajiri, Wajapani wamesalimu amri. Kamanda wa uwanja alisikia kwa masikio yake. Akaizima redio, akamaliza yai lake, akasema ripoti ya mwezi sharti iende na safari zilizotimia. Thoya alilisikia hilo. Kisha akapiga makofi mawili. Ndege ikaenda, jioni haikurudi, na kesho yake Kamanda akawasomea wote habari ya amani, akavikwa nishani.

Kwa miaka arobaini na saba Mzee Thoya alimlaani Kamanda, na hakumwonea. Lakini mkono uliopiga ulikuwa wake.

"Vita vilikwisha," alisema. "Vilikwisha asubuhi ile ile, kabla hamjapanda."

Msoma ramani, yule wa miwani, aliacha kuvua kiatu. "Nani najua?"

"Kamanda wenu alijua. Mpishi alijua. Nami nilijua."

"Kwa nini wewe hapana sema?" aliuliza Bwana Fupi.

"Mlikuwa hamjanisemesha."

Bwana Fupi alimaliza kukamua kofia yake. Kisha akapanda ndegeni, akazima taa iliyokuwa bado inawaka, akashuka.

"Basi," alisema. "Sisi hapana ruka tena. Kama Kamanda nataka safari yake, yeye kuja ruka."

Wenzake waliitikia kwa vichwa, wakaenda kuanika soksi mbali na kanga za Mwanarusi.

Kwa Waduruma, kabila la Mzee Thoya, mtu aliyefia mbali na mwili usionekane hukatiwa kijiti, kikachongwa, kikafungwa kitambaa, kikachomekwa ardhini penye wafu wa nyumba, apate pa kukaa. Hicho ndicho koma, na haking'olewi. Jumanne Mzee Thoya alikata vijiti sita. Alivichomeka kando ya kaburi la mkewe.

"Sogea kidogo, mama," alimwambia Nyamvula. "Tuna wageni. Wameponzwa na wakubwa, kama wewe."

Maana Nyamvula naye alikufa kwa kazi ya wakubwa. Mwaka wa themanini na tisa alizidiwa na pumu, Thoya akambeba kwa mkokoteni hadi zahanati, akakuta kufuli. Wauguzi na daktari walikuwa wameamriwa wakajipange barabarani wampigie makofi mgeni anayepita. Mgeni alichelewa saa tano. Nyamvula hakuweza kumngoja.

Alhamisi alikuja afisa, Bwana Justus, na faili kwapani. Aliizunguka ndege mara moja.

"Hii ina kibali?"

"Kibali iko kwa Kamanda," alisema Bwana Fupi, aliyekuwa akipalilia mahindi.

Justus aliandika: ndege moja, mbovu. Kisha akatoa kidau cha wino. "Mzee, lete gumba."

"Silileti."

"Usinichoshe, mzee wangu. Hili ni jambo la maendeleo."

"Mkono huu nilishautumia kwa jambo la wakubwa. Waliokufa ni hao hapo wanapalilia. Kawaulize kama nitautumia tena."

Justus hakuwauliza. Alifungua faili akamwonyesha karatasi: alama ya gumba ilikuwa imekwisha kupigwa, nene, laini, ya mtu asiyewahi kushika jembe.

"Hilo si langu."

"Kwenye faili ni lako," alisema Justus, bila ubaya. "Nilikuja kwa heshima tu."

"Heshima hiyo rudi nayo," alidakia Mwanarusi toka uani. "Na viazi ulivyokula juzi kwa ahadi usivisahau!"

Jumatatu iliyofuata lilikuja tingatinga. Dereva wake aliitwa Randu, mtu wa Rabai. Aliangusha ua, akapita kwenye mchicha, akafika kaburini, akasimama. Alizima injini.

"Ponda!" alipiga kelele Justus.

"Bwana, hapa pana koma."

"Ni vijiti hivyo!"

"Kama ni vijiti ving'oe wewe, mimi nitapita."

Justus aliviangalia. Aliinama, akanyoosha mkono, akaurudisha mfukoni. Wanahewa sita walikuwa wamesimama nyuma ya vijiti vyao, kila mmoja kwa chake, mashati yakiwa bado hayajakauka.

"Jumatano nitaleta dereva wa bara," alisema hatimaye. "Yeye hajui mambo yenu haya."

Alipokwisha kuondoka, Randu alishuka akapewa muhogo na chai. Alikula akitazama chini.

"Atamleta, mzee. Haki ya Mungu atamleta. Hawa hawashindwi."

"Najua."

"Mimi mwenyewe kazi nishaipoteza."

"Hilo nalo najua. Ongeza muhogo."

Mzee Thoya alikuwa na panga mapajani, akichonga. Kilikuwa kijiti cha saba, kinene kuliko vile vingine, cha mti wa mkone, naye alikichonga taratibu.

"Hicho cha nani?" aliuliza Randu.

"Changu."

Randu aliacha kutafuna. "Mtu aliye hai hachomekewi koma, mzee. Ni mwiko."

"Mwiko ni wa mtu anayetaka kwenda mahali. Mimi siendi."

Alikifunga kitambaa chekundu, akakichomeka mbele ya vyote, palepale tingatinga linapopaswa kupita, akakigongomea kwa nyuma ya shoka mpaka kikashika. Mwanarusi aliuliza toka uani awapikie wangapi, akajibiwa.

Jumatano, saa mbili za asubuhi, dereva wa bara alikuja. Hakujua koma ni nini. Aliwakuta wameketi chini nyuma ya vijiti vyao, wote saba, Mzee Thoya mbele, wanakunywa chai.