Kazini kwa Kupitia Jikoni

Neno lililokuwa likiniua ni "yupo". Kila asubuhi mama mkwe wangu, anayekaa nasi, alikuwa akilitamka kwenye simu akiongea na dada yake. "Mkwe wangu? Yupo tu." Hilo "tu" lilinikuta mezani kwangu, na siku ikaharibika kabla sijaandika hata neno.

Nilikuwa nimeacha kazi katika ofisi ya bima ili niandike riwaya. Kule nilikuwa nikisoma maelezo ya ajali, na kusema kweli, baadhi ya wateja wetu walikuwa watunzi hodari kuliko mimi. Mume wangu, fundi umeme, hakunipinga, ila tulikubaliana: shule zikifungwa na mswada haujafika kwa mchapishaji, narudi bima. Sikutaka kurudi. Ningekuwa mmoja wa wale wanaosimulia kwamba zamani walitaka kuandika, na watu hao nawajua, huongea sana misibani.

Lakini nani aandike kwenye nyumba ambamo yupo tu? Jirani aliniachia mtoto wake nimwangalie "dakika mbili", akarudi jioni na nywele mpya. Msoma mita alinikuta mimi, mleta gesi alinikuta mimi. Jioni mume wangu akiingia, mama yake husimama na kumpokea begi la vifaa: "Pole na kazi, mwanangu." Hata binti yetu akitoka shule huambiwa pole na masomo. Mimi sikupewa pole na mtu. Iliniuma, tena iliniuma kitoto.

Basi asubuhi moja nikaoga, nikavaa sketi yangu ya ofisini, nikachukua mkoba.

"Mama, mimi naenda kazini."

"Kazini wapi?"

"Kazini."

Nikatoka mlango wa mbele, nikazunguka nyumba, nikapita chini ya nguo zilizoanikwa, nikaingia kwa mlango wa jikoni na kujifungia stoo. Mlikuwa na gunia la mkaa, feni mbovu na meza ndogo niliyoihamishia humo. Ukuta ulikuwa wa mbao, kwa hiyo nilimsikia vizuri akimpigia mwanawe simu. "Baba, mkeo kachanganyikiwa. Kaenda kazini kwenye mkaa!"

Siku hiyo niliandika ukurasa mbaya. Kesho yake nikaandika mwingine, mbaya zaidi. Lakini sikukosa kwenda, na simu niliiacha juu ya friji. Watu hudhani riwaya huandikwa kwa kipaji. Yangu iliandikwa kwa makalio. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mimi niliinama mpaka mgongo ukalalamika.

Siku moja mhusika wangu, mpiga picha za harusi, alikataa katakata kwenda kumzika kaka yake. Nilimbembeleza, nikamtukana, mwisho nikakata tamaa na kutoka stoo kabla ya mchana. Mama mkwe alikuwa jikoni akichambua mchele. Akanitazama kuanzia viatu mpaka kichwani.

"Leo mmefunga mapema?"

"Nimechoka, mama."

"Ahaa. Na bosi amekuruhusu?"

Nikacheka kwa hasira, nikarudi stoo. Jioni ile mpiga picha alikwenda mazikoni.

Ilipokaribia siku ya kufunga shule, ilibaki sura moja. Nilikuwa nimeikaba koo sura hiyo nilipomsikia mtu akipiga hodi mlango wa mbele. Sauti niliijua. Alikuwa bosi wangu wa bima.

"Mama, namtafuta mkweo. Simu yake inaita tu. Nafasi yake iko wazi, nataka nimrudishe, ila nahitaji jibu leo hii maana kuna mwingine anaitaka. Yupo?"

Nikasimama. Nafasi ikienda na mchapishaji akanikataa, sitakuwa na hiki wala kile. Mkono ukashika komeo la mlango. Nilijua jibu litakuwa lipi, nalisikia kila asubuhi, na safari hii nililingojea kama ruhusa ya kutoka.

"Hayupo," mama mkwe akasema.

"Atarudi saa ngapi?"

"Akitoka kazini."

"Kazini? Amepata kazi wapi?"

"Baba, huyu mtu kila asubuhi anaaga hapa na mkoba wake. Mimi sikumzaa, lakini macho ninayo. Ana kazi."

"Basi ngoja nimpigie tena." Simu yangu ikalia juu ya friji. "Si hiyo hapo?"

"Kazini kwake hawaruhusu simu," akajibu bila kutetereka.

Nilitaka kumkumbatia, na nilitaka kumnyonga. Nikamsikia bosi akiaga, kisha viatu vyake kwenye kokoto, polepole, mtu mnene yule. Ningemkimbilia ningemwahi. Komeo lilikuwa bado mkononi mwangu.

Nikaliachia. Nikakaa, nikalisogezea gunia la mkaa miguu yangu, nikaandika. Sikujua sura itaishia wapi, nilijua tu kwamba sitoki mpaka iishe. Mchele ukaiva huko jikoni, binti yetu akarudi na kupewa pole yake, mimi niko humo humo. Jua lilikuwa limeshaondoka dirishani nilipoweka nukta ya mwisho. Kesho mswada utakwenda kwa mchapishaji.

Nikachukua mkoba, nikapita jikoni, nikazunguka nyumba na kupiga hodi mlango wa mbele.

Mama mkwe akainuka kitini. Akaja mpaka mlangoni, akanipokea mkoba kwa mikono miwili.

"Pole na kazi, mwanangu."

"Nimeshapoa, mama," nikasema, na sikuwa nimepoa hata kidogo.