Inspekta Aliyeisalimu Supu

Asubuhi ile mkufu wa zumaridi ulipoibwa, Filomena Gastaldi alikuwa akipanda ngazi za nyuma za Hoteli ya Malkia Adelina na sinia la kahawa, mikate na jamu ya limau. Karibu na ghorofa ya tatu alikutana na mkufu wenyewe ukishuka. Aliyeushika alikuwa mwanamke mrefu mwenye aproni nyeupe, aliyeanza kazi majuzi na kujiita Mila.

"Habari za asubuhi, dada," Mila alisema.

"Nzuri. Umelalaje?"

"Salama. Na hilo goti?"

"Linajivuta hivyo hivyo."

Wakapishana. Filomena alidhani mkufu unapelekwa kusafishwa.

Katika hoteli ile, mfanyakazi ambaye hujamsalimu siku hiyo humwoni. Ilikuwa hivyo tangu zamani, kama lifti yake ilivyozoea kugoma siku za mvua. Ukishamsalimu, unamwona hadi jioni. Mjini kwetu huingii kwa muuza mikate bila kusalimu, la sivyo utasimama pale mpaka mikate iishe. Lakini wageni wa hoteli wanaingilia mlango mwingine, wa vioo, na hawakuwa na desturi hiyo. Waliona masinia yakipita, ndoo zikipanda, mashuka yakijikunja, na hawakushangaa, maana kazi ilikuwa inafanyika. Bibi mmoja aliyekuwa kwenye korido aliuona mkufu ukielea kwenye kimo cha kiuno. Aliuambia kwamba chai yake imepoa.

Mwenye mkufu, Bibi Duvernac, alipiga simu Paris kabla hajavaa viatu. Kesho yake Paris wakamleta Inspekta Hilarion Poncet.

Poncet alikuwa akimfuata mwizi mmoja tu maisha yake yote, mwanamke ambaye magazeti yalimpa jina la Ukungu kwa sababu hakuna aliyewahi kumshika. Huko Vienna Poncet alijificha ndani ya piano ili amvizie. Piano ikauzwa, ikasafirishwa naye ndani, na funguo za pingu zake zikabaki humo hadi leo. Huko Lisbon alimkamata mtu mnene mwenye masharubu aliyekuwa anamtazama vibaya kutoka kwenye kioo, kisha akamwachia kwa kukosa ushahidi.

Hotelini alianza na pazia. Alilirukia, akalifunga kamba, akalihoji.

"Bwana mkubwa, hilo pazia ni letu," ilisema sauti ya mwanamke anayefagia. "Lipo tangu enzi za babu yangu."

Poncet hakutafuta sauti imetoka wapi. Mtu akikaa hotelini huzoea kujibiwa na hewa.

Meneja, Bwana Rostaing, alimwambia kwamba mwizi asipopatikana kabla ya jioni, Bibi Duvernac atahama na mbwa wake wawili na kila mtu anayemjua. Kwa hiyo Poncet aliingia chumbani kwa bibi huyo na kupapasa hewani, mikono mbele kama mtu anayetafuta mlango gizani, mpaka akashika kitu.

"Nimempata," alisema, akafunga pingu.

"Bwana, huo ni mkono wangu," alisema Filomena. "Nakung'uta mito."

"Kila mwizi husema mkono ni wake."

Ikaamuliwa apelekwe kituo cha polisi jioni hiyo. Filomena alikuwa na umri ambao mtu hatafuti tena kazi mpya, na hakuna hoteli katika pwani yetu inayompokea mwanamke aliyewahi kuitwa mwizi. Aliomba sala fupi, kisha akamweleza Inspekta ukweli, kwa kuwa hakuwa na kitu kingine cha kumweleza.

"Aliyeuchukua ni Mila. Sikujua kama ni wizi. Sasa hivi yuko jikoni anakula."

Poncet akashuka jikoni, akiziburuta pingu na Filomena nyuma yake. Aliona vijiko vinakoroga vyenyewe na karoti zinajikata. Hakumsalimu mtu.

"Yuko wapi huyo Mila?" aliuliza.

"Hapo mbele ya tumbo lako," ilijibu sauti ya Mama Agata, mpishi. "Anapaka siagi."

Kweli kulikuwa na kisu kinapaka siagi kwenye kipande cha mkate. Poncet alikitazama kisu kwa makini. Hakikuwa na sura ya mwizi wa kimataifa.

"Msalimu, bwana," Filomena alimsihi. "Ukisalimu tu utamwona, na mimi nitarudi kwenye mito yangu."

"Inspekta wa Paris hasalimii washukiwa."

"Basi shika siagi uipeleke Paris," alisema Mama Agata, na jikoni kukasikika vicheko vingi.

Halafu Mama Agata akafunua sufuria. Ilikuwa supu ya maharage na mrehani, yenye kitunguu saumu kilichotwangwa na mafuta ya zeituni juu, kama wanavyopika wanawake wa huku. Mama yake Poncet alikuwa mwanamke wa huku. Mvuke ulimfika puani, na kabla hajajua anafanya nini alivua kofia.

"Habari za mchana," aliiambia supu.

Salamu ikitolewa chumbani inawaangukia wote waliomo. Jikoni kukajaa watu: wapishi, waosha vyombo, madobi, mfagiaji, Mama Agata mwenye mikono kama magogo, Filomena mwenye pingu, na mezani, mbele kabisa ya tumbo la Inspekta, mwanamke mrefu mwenye zumaridi shingoni na siagi kwenye kidole.

"Nzuri," walijibu wote.

Poncet alinyoosha mkono ili amkamate. Lakini Mama Agata aliuona mkono umenyooshwa, akaupokea, akautikisa. Na mtu aliyelelewa vizuri huku kwetu, akishampa mmoja mkono, hawezi kuwaruka wengine. Poncet alikuwa amelelewa vizuri. Alizunguka meza. Alimpa mkono mwosha vyombo, akampa mkono dobi, akamuuliza mfagiaji hali ya watoto. Akafika kwa yule mwanamke.

"Poncet," alisema.

"Ukungu. Nimefurahi kukuona kwa karibu. Umekonda tangu Lisbon, baba. Unakula kweli?"

"Nakula hotelini."

"Ndiyo maana."

Poncet alitaka kusema jambo jingine, lakini dobi wa pili alikuwa ameshanyoosha mkono na anasubiri, na haikuwa adabu kumsubirisha. Poncet akaendelea.

Ukungu akafuta mdomo, akaaga kila mtu kwa jina. Alipofika kwa Filomena alimbusu mashavu yote mawili.

"Nisamehe, dada. Sikujua watakushika wewe."

"Nitakuombea," alisema Filomena. "Lakini wizi ni dhambi, na ninayefungwa ni mimi. Urudishe."

Ukungu alisema atalifikiria akiwa kwenye treni. Akatoka kwa mlango wa uani. Inspekta alipompa mkono mtu wa mwisho, kiti cha Ukungu kilikuwa kitupu, na yeye alikuwa ameshapakuliwa bakuli la supu. Akakaa, kwa kuwa supu ingepoa.

Baadaye alipanda kwa meneja, akasema Filomena hana kosa.

"Nani mwingine aliyemwona huyo mwizi wako?" aliuliza Bwana Rostaing.

"Jikoni kote."

"Jikoni kuna watu?"

Jioni askari akampeleka Filomena kituoni. Njiani hakumsalimu, na kituoni vilevile hakuna aliyemsalimu. Filomena aliomba sabuni, hewa ikajibiwa kwamba sabuni iko kwenye beseni. Akapaka viganja, akavitoa kwenye pingu, akaziacha kwenye benchi, akaenda nyumbani kumpikia mama yake. Polisi hawakupata wasiwasi, maana pingu zilikuwepo. Hakimu alizipa miezi sita. Zilinyamaza wakati wote wa kesi, na hilo likahesabiwa kuwa ni kutojuta.

Poncet alimfuata Ukungu hadi Kopenhageni. Siku hizi anasalimu kila kitu kwanza, hata nguzo za taa, na humchukua mchana kutwa kutoka stesheni.

Jumatatu hoteli ilihitaji mtumishi wa ghorofa ya tatu. Filomena alikwenda kujiandikisha. Bwana Rostaing, akiwa anasoma gazeti, alimpa aproni ileile na mshahara wa anayeanza, akamwonya kwamba aliyekuwepo kabla yake alikuwa mwizi.

"Nimesikia, bwana," alisema Filomena.

Mgeni kazini hapewi mapumziko ya Jumapili. Kengele za misa zilipolia alikuwa chumbani kwa Bibi Duvernac, anatandika kitanda. Bibi huyo alikuwa bado amelala ndani yake, ana rubi mpya masikioni. Aliiambia hewa kwamba tangu yule mwanamke aondolewe, anapata usingizi mzuri.

Filomena alisema amefurahi kusikia, akamgeuzia mto.