Mahari pa Wapagazi

Babu yake Augustin, Kambale, alikufa kwa baridi katika milima ya Rwenzori akiwa amebeba mizigo ya Wazungu wapima ardhi. Alijikinga na mvua chini ya jiwe pamoja na wenzake wawili, na hakuna aliyeinuka. Augustin, mkimbizi kutoka Beni, anaongoza watalii wa kampuni moja ya Old Kampala. Kwa miaka aliomba kibao kiwekwe pale. Hatimaye Florence, mwenye kampuni, akakubali maneno matatu: MAHALI PA WAPAGAZI.

Kibao kilichorwa mtaani Kisenyi, Kampala, na Byron, fundi ambaye, kama wengi mjini, haoni tofauti kubwa kati ya l na r.

“Byron, umeandika mahari! Mahari ni ng’ombe wa kuolea!” Augustin alilalamika.

“Ssebo, bwana wangu, ni herufi moja tu. Na rangi imeshakauka.”

Florence aliamuru kipelekwe hivyo hivyo, kitarekebishwa baadaye. Upatanisho wa ‘mahari’ na ‘pa’ haukumsumbua mtu. Mjini Kampala upatanisho haukuwahi kumsumbua mtu. Kabla ya baadaye kufika, wachumba walianza kupanda mlima kupiga picha chini ya jiwe la mahari.

“Wape hadithi, Augustin,” Florence alisema. “Kijana anabeba mizigo apate mahari. Binti anamngoja. Baridi inamuua.”

“Madamu, babu alikuwa na watoto watano. Baba yangu ni wa nne. Mimi nimetoka wapi?”

“Hao watano nani atawapiga picha?” Alicheka, kisha akakadiria uso wa Augustin. “Nitaongeza jina lake kwenye kibao. Kambale. Lakini awe bwana harusi.”

Augustin aliyapima maneno hayo. Bila jina, jiwe lingebaki na mahari peke yake. Kwa jina, angalau lingekuwa na mtu. Akakubali.

Kundi la kwanza baada ya jina kuongezwa lilikuwa na Laker, mhasibu, na mchumba wake Otema, ofisa wa polisi. Hadithi ilipokwisha, Laker alikuwa analia.

“Na yule mwanamke, kweli alimngoja?”

Augustin alikuwa ameyasikia hayo kwa bibi yake mwenyewe: jinsi alivyomwekea mumewe chakula kila jioni, mpaka mvua za pili zikaisha.

“Alimngoja,” alisema. “Hakuna aliyekuja kumwambia.”

Otema aliinua simu.

“Mzee, sogea kidogo. Kivuli chako kinaziba jina.”