Chuma Chembamba Kama Kope

Taa iliwaka wakati ndege ilipokuwa ikigeuka mwishoni mwa uwanja ili ielekeze pua kwenye upepo. Ilikuwa taa ndogo ya manjano, upande wa injini ya kushoto, na ilikuwa na maana moja tu: ndani ya mafuta ya injini mna chembe za chuma. Kepteni Navruz aliitazama, akaigonga kwa kidole. Haikuzimika.

"Inakusalimia tu, kepteni," alisema Firdavs, rubani msaidizi, mtu wa Dushanbe, mji mkuu, ambaye hakuwahi kuishiwa utani. "Tukifika juu itasinzia."

"Tunarudi."

"Nyuma yuko shemeji yako."

"Namjua aliyeko nyuma."

Alimjua vizuri. Asubuhi hiyo abiria wote walikuwa wamepanda kwa desturi ya Khorog, mji wao wa milimani: kila mmoja alisimama mbele ya Navruz chini ya ngazi, akambusu mkono, naye akaubusu wake. Hawakufanya hivyo kwa sababu ya kofia yake ya urubani. Alikuwa mtoto wao, rubani pekee aliyezaliwa ukingoni mwa mto unaopita hapo. Alidod, mume wa dada yake Bunafsha, ndiye aliyepanda wa mwisho, akiwa amebebwa kwenye blanketi. Daktari alikuwa amesema kwamba mshipa wa moyo umeziba, kwamba mashine ya kuuzibua iko Dushanbe, na kwamba mgonjwa asirushwerushwe barabarani. Kwa ndege ni mwendo wa saa moja. Kwa gari ni kutwa nzima na usiku juu yake, kwenye mawe na vumbi.

Ndege ikarudi mbele ya jengo la uwanja. Injini zikazimwa.

Khorog haina fundi wa ndege. Mafundi hukaa Dushanbe. Kwa hiyo marubani wenyewe hupanda ngazi, hufungua kizibo chenye sumaku kilichomo ndani ya injini na kutazama kilichonasa. Kanuni yake ni nyepesi. Ukikuta ujiuji wa kijivu kama unga uliolowa, futa, washa tena, ondoka. Ukikuta kipande unachoweza kukishika kwa kucha, unabaki.

Navruz alikishika kwa kucha. Kilikuwa chembamba kama kope.

"Hicho?" Firdavs aliuliza. "Hicho ukinitilia kwenye chai sitakihisi."

"Ukikimeza wewe, tutazika mtu mmoja."

Firdavs akaacha utani, kwa maana njia aliijua. Baada ya kijiji cha Rushan ndege hupita katikati ya milima, si juu yake. Kuta za mawe husimama kulia na kushoto, na bawa huonekana kama litazikwaruza. Injini moja ikifa mle ndani, hakuna nafasi ya kugeuka, wala nguvu ya kupanda, wala mahali pa kushuka.

Navruz alimpigia simu mkubwa wa shirika la ndege, Bwana Saidov. Alimweleza kila kitu. Saidov akasema kwa upole, "Kepteni ni wewe. Uamuzi ni wako."

Upole huo ulimchoma Navruz. Wiki iliyotangulia Saidov hakuwa mpole. Wakubwa wa serikali walikuwa wamekuja kuzindua daraja, na walipotaka kurudi Dushanbe kitasa cha mlango wa nyuma kilikatika. Navruz alisema ndege haiwezi kuruka hivyo. Saidov alimwuliza swali moja: "Unaruka, au nimtafute anayeruka?" Mlango ukafungwa kwa mkanda wa kufungia mizigo. Navruz akaruka. Mlango ulipiga mluzi njia nzima, na wakubwa wakaucheka, na walipofika walimpongeza kwa ushujaa wake.

Aliporudi kwenye ngazi, Bunafsha alikuwa ameshateremka.

"Nini tena, mdogo wangu?"

"Injini, dada. Ina chuma kwenye mafuta. Ndege hairuki leo."

"Kiko wapi hicho chuma?"

Akamwonyesha. Bunafsha aliinama, akatazama kiganja cha mdogo wake, kisha akatazama uso wake, kana kwamba alitegemea aanze kucheka.

"Hiki ndicho kitakachomzuia Alidod?"

"Dada, si hiki. Ni kilikotoka."

"Kilikotoka unakujua?"

"Sikujui. Ndiyo maana siruki."

Kutoka ndani ya ndege Alidod aliita, sauti yake nyembamba, "Shemeji! Bado una kinyongo kwamba nilikuchukulia dada yako? Nilikwambia mchukue tena, ukakataa!"

Abiria wakacheka kwa adabu. Navruz alipanda, akapiga magoti karibu na blanketi. Midomo ya Alidod ilikuwa na rangi ya majivu.

"Siwezi, shemeji," alisema. "Mko wengi humu."

"Mimi nisingekuuliza," Alidod alisema. "Lakini dada yako unamjua. Nenda ukapigwe huko nje, mimi niache nipumzike."

Nje Bunafsha hakumpiga. Alisema kwa sauti ya kawaida, na watu wote wa uwanjani wakasikia.

"Wiki iliyopita ulifunga mlango kwa kamba. Mji mzima ulikuona. Ukaruka."

"Ule ulikuwa mlango, dada. Hii ni injini."

"Ule mlango ulikuwa mzima?"

"Haukuwa mzima."

"Basi kwa nini uliruka?"

Firdavs alijifanya anafunga kiatu.

"Nitakwambia mimi," Bunafsha alisema. "Wale wangekufukuza kazi. Sisi tutakufanya nini? Tutakubusu mkono. Umejifunza kukataa, mdogo wangu, hongera. Bahati mbaya umeanza na sisi."

Navruz alitamani kumwambia kwamba amekosea. Lakini yeye mwenyewe alikuwa ameliwaza jambo hilo tangu alipoweka simu mfukoni.

Walimhamishia Alidod kwenye gari la jirani. Walitandika magodoro mawili. Navruz alishika pembe ya blanketi, na Bunafsha hakumkataza, ila hakumtazama. Gari likaondoka kufuata mto.

Kabla ya kufika mji wa Qalai-Khumb, mlima ulikuwa umeporomoka juu ya barabara. Magari yalijipanga pande zote mbili yakisubiri tingatinga. Alidod alifia pale, kwenye foleni, huku dereva akipiga honi bure. Upande wa pili wa foleni alikuwapo fundi aliyetumwa na Saidov kwenda kuitazama ndege. Alivuka kifusi kwa miguu akiwa na sanduku la vifaa, akaomba nafasi kwenye gari la kwanza lililokuwa likirudi Khorog. Likawa ndilo gari lile lililombeba Alidod. Akasafiri karibu na maiti, na sanduku lake mapajani.

Kesho yake aliifungua injini. Alichuja mafuta, akakagua gia moja baada ya nyingine, akaiwasha na kuingurumisha mpaka miti ya mierebi ya ukingoni mwa mto ikainama. Taa haikuwaka.

"Nzima," alimwambia Navruz huku akifuta mikono. "Mwezi uliopita tulibadilisha gia. Kipande hicho kilibaki tangu wakati huo. Ingekufikisha Dushanbe, ikurudishe, na ikupeleke tena."

"Ningejuaje?"

"Usingejua. Ningekuwa wewe, nami nisingeruka." Alifunga sanduku. "Ila ule mlango, kepteni, nimeuona. Aliyeruka na mlango ule ana wazimu. Ungeng'oka ungekata mkia."

Navruz alikwenda msibani na sare yake, kwa kuwa hakuwa na nguo nyingine Khorog. Wanaume walisogea wakampa nafasi. Waliletewa chai ya maziwa yenye chumvi na siagi, na mkate wa kumegea ndani. Hatimaye Bunafsha alitoka upande wa wanawake, akasimama mbele yake, naye akainuka.

"Fundi ameshafungua?"

"Ameshafungua."

"Injini ilikuwa na nini?"

Angeweza kudanganya. Firdavs alikuwa amemsihi adanganye: sema gia ilikuwa imesagika, nani atakwenda kutazama? Hata fundi angekaa kimya.

"Haikuwa na kitu, dada."

Bunafsha aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu anayesomewa hesabu aliyokwisha kuifanya.

"Na ule mlango wa wakubwa?"

"Ulikuwa wa kuua watu."

Chumba kizima kilisikia. Bunafsha alimnyooshea mkono, kwa kuwa mgeni msibani hasimami bila kusalimiwa. Navruz aliinama akaubusu. Kisha aliinua mkono wake kidogo na kungoja ubusiwe, kama desturi inavyotaka.

Dada yake alikuwa ameshageuka, akiuliza nani hajapata chai.