Viatu vya Mlangoni

Mume wangu alipohama alichukua viatu vyake vyote, na hapo ndipo shida ya kuuza nyumba ilipoanzia. Dalali alifika asubuhi moja, akasimama mlangoni, akatazama kibao cha viatu ambacho juu yake zilikuwepo kandambili zangu peke yake, akatikisa kichwa. Akasema nyumba hii inanuka talaka.

Nikamwambia inanuka rangi, maana nilikuwa nimemaliza kupaka jana yake na mgongo ulikuwa bado haujanisamehe. Akasema rangi ni nzuri, mama, hana ugomvi na rangi. Ila mteja akikuta mwanamke peke yake kwenye vyumba vitatu atauliza. Akiuliza atajua mmeachana, akijua mmeachana atajua mna haraka, na akijua mna haraka atawachinja bila kisu. Kwa hiyo mzee lazima awepo siku ya wateja. Yeye na viatu vyake.

Haraka nilikuwa nayo, nisidanganye. Mimi ni fundi cherehani. Miaka kumi na tisa nimeshonea chumba cha nyuma, wateja wanapita sebuleni kwangu na kuhesabu vyombo ambavyo sijaosha. Sasa kando ya barabara kuu kulikuwa na chumba cha duka, kioo kizima mbele, na mwenyewe alikubali kuniwekea mpaka mwisho wa mwezi. Nusu yangu ya nyumba ingeniingiza pale. Nyumba isipouzika, kioo kinakwenda kwa mwingine, nami nabaki nyuma kule kule na kuta zangu mpya.

Kuta zilikuwa mpya kweli. Hela ya mafundi sikuwa nayo, basi fundi nikawa mimi. Matundu ya misumari niliyaziba kwa dawa ya meno, yalipokauka nikayapiga msasa, na kwa wiki nzima sebule ilinukia mdomo wa mtu aliyetoka kupiga mswaki. Mabomba niliyafunga vitambaa vilivyolowa siki mpaka ukoko ukaachia. Makabati ya jikoni niliyapaka rangi iliyobaki kwenye geti la jirani, ndiyo maana jiko letu lina rangi ya geti. Mashuka mawili ya zamani yakawa mapazia, na fimbo ya kuyashikia niliitundika juu kabisa karibu na dari ili chumba kionekane kirefu. Dalali akaniagiza malimao kwenye bakuli, yakae mezani. Nikamuuliza ya nini. Akasema ya kutazamwa. Nikamwambia wahenga walisema chema chajiuza. Akajibu kwamba wahenga hawakuwahi kuiona nyumba hii.

Orodha aliyoniachia ilikwenda hivi: malimao, balbu nyeupe, mume, ndoo mpya ya bafuni.

Mume mwenyewe alikuwa kwa wifi yangu, miezi minane sasa. Msinifikirie vibaya, hatukugombana. Wanaogombana angalau wanasikiana. Huyu alikuwa mtu wa kukaa kwenye kiti chake pale sebuleni, yeye na redio iliyozimwa, basi. Ukikata nywele haoni, ukishona gauni jipya haoni, ukiugua anakuuliza umeweka wapi chumvi. Siku moja nikamwambia kuishi naye ni sawa na kuishi na kabati, tena kabati angalau linahifadhi nguo. Wiki iliyofuata akafungasha. Nililia siku mbili, ya tatu nikawa na suti ya bwana harusi ya kumaliza.

Nilimpigia nikamweleza mambo ya dalali. Akasema sawa. Kwake hiyo ni hotuba.

Nikaenda kwa muuza mitumba kutafuta viatu vya kiume vya kuweka mlangoni. Akaniuliza namba. Nikasema arobaini na mbili, papo hapo, kwa sauti ya mtu anayejua mambo ya nyumbani kwake. Nikapata jozi nyeusi nzuri, ngozi yake bado hai, nikaipiga kiwi na kuiweka kwenye kibao. Nikaweka na mswaki wa pili bafuni. Nyumba ikawa na mume, ila yeye mwenyewe tu ndiye aliyekuwa bado hajafika.

Jumamosi akafika, kavaa shati la pasi na makubazi. Dalali akayaona yale makubazi akaguna. Akamwambia mzee, vaa vile vya mlangoni, unatakiwa uonekane mtu anayeishi hapa. Mume wangu akavitazama vile viatu, kisha akanitazama mimi.

“Vya nani?” akauliza.

“Vyako. Nimekununulia.”

Akakaa chini kuvivaa. Alichukua muda mrefu mno, kwanza mguu huu, kisha ule, na mimi moyoni nikasema huyu hata kuvaa viatu anafikiri.

Wateja walikuwa mtu na mkewe, wote walimu. Mume alifungua mabomba, mke aligonga kuta kwa kidole na kunusa, pengine alisikia dawa ya meno. Tukawatembeza. Mume wangu alikuwa akija nyuma yetu, anachechemea, mara anashika kuta zangu mpya kwa mkono, nami namkata jicho. Nikajua anafanya makusudi, nyumba isiuzike.

Tulipofika sebuleni yule mwalimu wa kike akamgeukia mume wangu, akamuuliza ni kitu gani cha nyumba hii atakachokikumbuka. Nilijua jibu, lingekuwa “sijui,” na duka langu lingeondoka na hilo neno.

Mume wangu akaenda akakaa kwenye kiti chake.

“Hapa,” akasema. “Ukikaa hapa unasikia cherehani kule nyuma. Ikisimama ghafla, ujue uzi umekatika, mwache. Ikisimama polepole, amemaliza nguo, ndiyo unabandika chai. Redio nilikuwa naizima nisije nikapitwa.”

Yule mama mwalimu akasema loo, jamani. Akamtazama mumewe kwa namna iliyomfanya mumewe aangalie chini.

Mimi nikaenda jikoni. Nikasimama mbele ya malimao, nikayapanga upya kwa hasira. Miaka kumi na tisa chai inanifikia nimetoka tu kukata uzi wa mwisho, na mimi nadhani ni yeye mwenyewe ana kiu! Hilo neno angenipa siku yoyote, hata siku ya kabati, lingenitosha mwaka mzima. Kalitunza, akaja kumpa mnunuzi.

Wateja wakaondoka, dalali akawasindikiza. Nikarudi sebuleni nikamkuta bado amekaa. Nikamuuliza yale aliyoyasema yalikuwa ya kweli au ya biashara.

“Ya kweli.”

“Na mimi hukuniambia kwa nini?”

“Nilidhani chai inasema.”

Nilikuwa na majibu kama saba yamejipanga. Lakini yeye alikuwa ameinama anavua viatu, na vilikuwa havitoki. Alivuta cha kulia kwa mikono miwili mpaka kikaachia, na ngozi ya kisigino ilikuwa imechubuka, nyekundu kwa damu. Ya kushoto pia. Nikaokota kile kiatu, nikakigeuza. Arobaini na mbili, imeandikwa wazi.

“Vilikuwa vinabana?”

“Kidogo.”

“Sasa kwa nini ulivivaa?”

“Ulisema umeninunulia.”

Aibu iliyonishika sijui niieleze vipi. Miezi minane nimewaambia majirani, nimemwambia wifi, nimemwambia hata muuza uzi, kwamba yule bwana hakuniona. Na mimi nimeishi na miguu ile miaka kumi na tisa, nimeikwepa kitandani, nimeiwekea maji ya moto ilipouma, na namba yake niliitoa hewani.

Simu ikaita. Alikuwa dalali, anahema kwa furaha. Walimu wamekubali, bei yetu bila kupunguza, wanataka funguo mwisho wa mwezi. Mke ndiye aliyeshinikiza. Anauliza kama kile kiti kinabaki.

Nikamwambia nyumba wachukue. Kiti hakiuzwi.

Mume wangu alisikia, akanyamaza, na mara hii nilikiacha kimya chake kilivyo. Nikaenda chumba cha nyuma nikachukua futi yangu na daftari la vipimo. Daftari lile lina mtaa mzima, lina mabibi harusi na mapadri, lina viuno ambavyo wenyewe wanavikana. Nikarudi, nikapiga magoti sakafuni.

“Lete mguu,” nikamwambia.

Akaunyoosha. Nikapima kutoka kisigino mpaka kidole gumba, taratibu, nisiguse kidonda: sentimita ishirini na nane na kidogo. Nikafungua ukurasa mpya nikaandika jina lake juu, kwa sababu halikuwemo.