Maua ya Getini

Amma Hajra alikuwa bingwa wa maradhi yote ambayo hakuwahi kuyaugua. Mjukuu wake Mahrukh alipomaliza dawa za saratani ya ini, ana miaka mitatu na kovu limemkata tumbo zima, bibi huyo aligawa halua kwa majirani wote pale mjini Multan na kutangaza kwamba mambo ya hospitali yamekwisha.

"Daktari anataka damu kila mwezi, Amma," alisema mkaza mwana wake, Shagufta. "Kuna namba wanaiangalia. Ikipanda, ugonjwa umerudi."

"Usimwamshe aliyelala, utalala wewe! Mtoto anakula, anakimbia, mashavu hayo! Unamtafutia nini? Mpeleke kaburini kwa walii ukashukuru, basi."

Mumewe Shagufta, dume zima na masharubu yake, akainamia kikombe cha chai.

Basi Shagufta akadanganya. Kila mwezi aliaga kwamba anakwenda kwa walii, akapanda bajaji moja kwa moja hadi hospitali, mtoto akatolewa damu. Akitoka alinunua maua ya waridi pale pale getini, akamletea mama mkwe. Amma Hajra aliyabusu, akayagusisha machoni, na Shagufta akageukia ukutani kuficha kicheko.

Mwezi wa tano namba ikapanda. Mahrukh hakuwa na hata mafua. Picha ikaonyesha doa dogo kwenye pafu. Daktari akasema likatwe upesi, kisha dawa upya. Hilo halikufichika. Shagufta akaingia nyumbani akajitupa sakafuni.

"Amma, nimeota pale kaburini! Walii kanionyesha kifua cha mtoto!"

Loo! Aliyekataa sindano moja ndiye aliyekuwa wa kwanza kufunga mizigo ya hospitali.

Mtoto akapasuliwa, akanyonyoka nywele mara ya pili, akapona. Miaka miwili sasa namba imetulia. Na palipokaa wanawake watatu, Amma Hajra alikuwa wa nne, akisimulia jinsi walii alivyouona ugonjwa kabla ya mashine. Shagufta alimwacha aseme. Tuseme ukweli, alifurahia. Kumdharau yule mama kimoyomoyo kulikuwa kutamu kuliko halua yake.

Mpaka asubuhi moja alipoingia Kausar, mwanamke waliyeuguza naye wodi moja, mtoto wake Rimsha akitibiwa ugonjwa ule ule.

"Dada yangu, nimekuja kukushukuru," alisema Kausar. "Amma alinipa siri yako. Yale masindano ya kupima damu tumeyaacha, huu mwezi wa nne. Kila Alhamisi tuko kaburini. Kikiwepo kitu, walii ataniambia kama alivyokwambia wewe."

"Si nilisema mimi!" Amma Hajra akapiga makofi.

Uani Rimsha alikuwa akimfukuza kuku, anacheka, mashavu yamejaa. Hivyo hivyo alivyokuwa Mahrukh ule mwezi wa tano. Shagufta akamgeukia Kausar.

"Sijawahi kufika," alisema.

"Wapi?"

"Kaburini. Hata siku moja. Kila mwezi nilimpeleka kutolewa damu, na damu ndiyo iliyosema. Ndoto niliitunga kwenye bajaji. Walii hana kosa, Kausar. Mwongo ni mimi."

Amma Hajra akauliza, sauti imekuwa ndogo, "Na yale maua? Nimeyatunza ndani ya msahafu."

"Yanauzwa getini hospitali, Amma."

Kausar alikuwa bado amemkazia macho Shagufta. "Miezi minne, dada. Na wewe ulikuwa umekaa humu ndani unatucheka?"

Ndivyo ilivyokuwa hasa, Shagufta alikuwa akiwacheka. Akatoka kwenda uani kumchukua Rimsha, lakini Amma Hajra alikwishamtangulia. Amembeba mtoto begani, peku, shali inaburuzika mavumbini, yuko barabarani anaita bajaji kwa sauti yake yote.