Ngazi za Wodi ya Wazazi

Daktari alipochaguliwa kuwa mbunge, watu walidhani ataacha udaktari. Wapi! Udaktari ndio uliokataa kumwacha. Bungeni, mwenzake akisimama kuchangia, yeye hasikilizi hoja kwanza. Anatazama macho yalivyo, namna mtu anavyohema, miguu ilivyovimba juu ya soksi, na kabla mheshimiwa hajafika kwenye "naunga mkono", Daktari keshamnong'oneza jirani yake kwamba yule akapime presha. Ofisini kwake jimboni ndiyo usiseme. Mzee mmoja alikwenda kulalamikia barabara, akajikuta ametoa ulimi nje anasema "aaa". Alipotoka, wenzake kwenye foleni wakamuuliza kama barabara itajengwa. Akawajibu kwamba hilo hajui, ila ameambiwa apunguze chumvi.

Haya, tucheke, lakini jambo lililompeleka bungeni halikuwa la kuchekesha hata kidogo. Katika hospitali ya serikali aliyoifanyia kazi miaka mingi, wodi ya wazazi iko juu, ghorofani. Waliojenga waliweka lifti, wakaona wamemaliza. Lifti ikafa. Mlangoni wakabandika tangazo, "Samahani, inatengenezwa", likakaa pale mpaka tangazo lenyewe likageuka rangi. Tangu hapo mwanamke mwenye uchungu anapanda ngazi. Anapanda kidogo, anashika ukuta, anauma kanga, anapanda tena. Asiyejiweza anabebwa kwa machela, wauguzi mbele, wauguzi nyuma, na kila mmoja anamwomba Mungu asiteleze. Wapo waliozalia njiani. Daktari mwenyewe aliwahi kumpokea mtoto pale ngazi zinapokata kona, magoti yake kwenye saruji, na watu waliokuja kuona wagonjwa wanapita pembeni na vikapu vyao wakisema "samahani, samahani".  Siku ile akaapa kwamba hili atakwenda kulisema mahali litakaposikika.

Akalisema, kweli. Akauliza swali la kwanza kuhusu lifti. Waziri wa Afya akasimama, akafunga kifungo cha koti, akajibu kwa sauti nzuri kwamba Serikali inalitambua tatizo hilo na taratibu za kumpata mzabuni zinaendelea. Akauliza tena. Taratibu zinaendelea. Akauliza na swali la nyongeza, taratibu bado zinaendelea, tena kwa kasi. Danadana tupu! Na ubaya ni kwamba Waziri hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mnene, mchangamfu, anayekusalimu kwa mikono miwili na kukuulizia watoto. Kumkasirikia mtu wa namna ile ni kazi kubwa, maana unafika na maneno yako makali, naye anakukaribisha chai.

Nyumbani nako moto ukawaka. Daktari alikuwa na mdogo wake, kitinda mimba wao, fundi cherehani, mwenye mdomo usiojua kupumzika. Wakamwita Chiriku tangu utotoni na jina likamkaa. Chiriku alikuwa na mimba ya pili, imekaribia. Sasa, wa kwanza alimzaa chapchap mno. Uchungu ulimshika akiwa anapiga pasi, na nusura mtoto azaliwe mlangoni mwa hospitali. Hiyo ilikuwa kabla lifti haijafa. Safari hii Daktari akipiga hesabu zake, kila akihesabu anamwona mdogo wake amezalia kwenye saruji.

"Nitakutafutia hospitali ya kulipia," akamwambia. "Shemeji atakupeleka mapema, ukae hukohuko."

"Na wenzangu ninaokwenda nao kliniki?" Chiriku akauliza, pini zimo mdomoni. "Nao utawatafutia?"

Daktari akaanza kuokota vipande vya kitambaa sakafuni.

"Unaona? Wewe ndiye mbunge wetu, dada. Mimi nikikimbilia kwingine watu watasemaje? Si watasema hospitali yenyewe mbunge anaiogopa? Nazaa palepale. Kama ni ngazi, nitapanda."

"Wewe mtoto, una kichwa kigumu wewe!"

"Nimekitoa wapi? Si tumbo moja lilituzaa?"

Basi Daktari akarudi bungeni na hofu yake kifuani. Zamu yake ilipofika, akaiacha karatasi mezani.

"Mheshimiwa Spika, leo siulizi swali. Leo naleta mgonjwa."

Ukumbi ukaguna. Spika akainua miwani.

"Mgonjwa wangu ni hospitali. Anaumwa ngazi. Dawa anayopewa ni majibu, asubuhi majibu, jioni majibu, na nafuu hapati. Sisi madaktari tuna raundi, Mheshimiwa Spika. Hatumtibu mtu tukiwa tumekaa ofisini. Tunakwenda mpaka kitandani, tunamshika, tunamuuliza panauma wapi. Namwomba Mheshimiwa Waziri aje tufanye raundi pamoja."

Meza ziligongwa, za upande huu na za upande ule. Spika akacheka waziwazi, akamgeukia Waziri: "Utakwenda, au huendi?" Waziri makofi yalikuwa yamemnogea kama ya kwake. Akasema atakwenda. Tena wiki ijayo!

Habari zikafika hospitalini kabla Daktari hajarudi. Mkurugenzi wa hospitali, bwana mwembamba, nadhifu, viatu vinavyong'aa, akafanya kile ambacho wakurugenzi wote hufanya mgeni mkubwa akitajwa. Akaita mafundi rangi. Mgeni wa serikali akija, anayetibiwa wa kwanza ni ukuta. Wakapaka lango, wakapaka korido, na asubuhi ya ziara yenyewe, kwa kukumbuka dakika za mwisho kwamba Waziri anakuja kwa ajili ya ngazi, wakapaka ngazi. Kuta mpaka reli za kushikia, nyeupe pee, na rangi mbichi inanukia mpaka barabarani.

Waziri akafika na msafara wake. Akapokewa chini, kwenye chumba cha mikutano, kilichopakana na ofisi ya Mkurugenzi. Chumba chenyewe, usiombe! Meza ndefu, zulia, kiyoyozi, sinki la maji ya moto, maliwato yake humohumo. Wakanywa chai. Mkurugenzi akasoma taarifa. Daktari akavumilia taarifa yote, kisha akasimama: "Mheshimiwa, mgonjwa yuko juu."

Wakaanza kupanda. Waziri alianza vizuri, anapiga soga, anawapungia wagonjwa. Soga zikapungua. Zikakoma. Pumzi ikaanza kutoka kwa sauti. Akaona hapana, acha ashike reli, akaishika kwa mikono miwili, rangi ikamvaa mpaka kwenye viwiko vya suti yake nyeusi. Walipofika kwenye kona, Waziri wa Afya akakaa chini. Alikaa kwenye ngazi kama mtu aliyefika kwake.

"Pumua taratibu," Daktari akasema, keshamshika mkono anasikiliza mapigo. "Presha umepima lini?"

"Daktari, nimekuja kukagua au kukaguliwa?"

"Yote mawili. Na huna mimba, Mheshimiwa. Wala huna uchungu."

 Waziri alifuta jasho kwa kiganja, akabaki na mstari mweupe kwenye paji la uso, na hakuna aliyethubutu kumwambia.

Hapo ndipo kelele zikatoka chini. Daktari aliijua sauti ile hata kabla hajainama kutazama. Chiriku! Alikuwa kwenye machela, amekunja uso, jasho linamtiririka, mumewe anakimbia pembeni na begi limefunguka, nguo za mtoto zinamdondoka moja moja.

"Dada!" akapiga kelele. "Usinitazame hivyo, si mimi, ni huyu, ana haraka!"

Juu, mlangoni mwa wodi, akatokea mkunga mkuu. Bi Pumua walimwita, maana nusu ya watoto wa mji ule walizaliwa yeye akiamuru "pumua". Akatazama ngazi. Akamwona Waziri amekaa, mlinzi wake, mpiga picha, Mkurugenzi, makatibu na mafaili yao, wote wamebanana katikati kwa kuogopa kuegemea rangi. Machela haikuwa na pa kupita. Msafara ule kushuka mmoja mmoja, kisha wauguzi wapande na mzigo, mikono inateleza kwenye reli mbichi?  Jambo alilolikimbia Daktari miezi yote lilikuwa limemfikia, na walioziba njia ni yeye na wageni wake mwenyewe.

"Nazalia hapahapa!" Chiriku akalia.

 Waziri, bado amekaa, bado anahema, akasema kama mtu anayeuliza saa: "Kwani si mumwingize mle chini? Kile chumba tulichonywea chai. Kikubwa, kina maji, kina kila kitu."

"Mheshimiwa!" Mkurugenzi akashtuka. "Kile ni chumba cha mikutano!"

 Bi Pumua akacheka kicheko kimoja kikubwa, akajifunga kanga kiunoni, akashuka akiwapangua waheshimiwa kama mapazia. "Mmesikia agizo la Waziri! Geuza machela! Wewe baba mwenye miwani myeusi, shika huku. Wewe wa kamera, nje, na kamera yako. Vyombo vishuke, shuka zishuke zitandikwe mezani, upesi!" Mlinzi wa Waziri, jitu la miraba minne, akajikuta anabeba mjamzito anayemfinya mkono na kumwita shetani.

Daktari akafika mlangoni anakunja mikono ya shati. Bi Pumua akamzuia kwa kiganja.

"Leo wewe ni dada. Kaa nje."

"Mimi ni daktari!"

"Unatetemeka. Kaa nje."

 Daktari akakaa kwenye benchi la korido, na Waziri akashuka polepole akakaa kando yake. Ndani, sauti ya Bi Pumua: pumua, pumua, usisukume bado.

"Daktari," Waziri akanong'ona, "hivi ilikuwaje ofisi zikawa chini na kina mama wakawa juu?"

"Lifti ilipokuwa nzima hakuna aliyejali. Ilipokufa, kila mtu alibaki pale alipokuwa."

"Na hakuna aliyewaza kubadilishana?"

Daktari akajiona mjinga, mjinga wa mwisho. "Hakuna. Hata mimi. Miaka yote hii nimeandika dawa moja tu, lifti, lifti, lifti. Mgonjwa amelala mbele yangu, sikumgeuza hata ubavu."

"Basi usinitangaze kwamba ni mimi niliyegundua," Waziri akasema. "Nilikuwa nimechoka tu. Sikutaka kupanda tena."

Daktari akataka kumjibu, lakini mtoto akalia. Kilio kikali, cha mwenye hoja. Daktari akafunika uso akalia naye. Waziri, kwa mazoea ya bungeni, akaanza kugonga mlango kwa viganja vyote viwili kama anavyogonga meza, mpaka Bi Pumua akafungua akamkemea kwamba humu kuna mzazi. Ni msichana, akasema. Mzima, na mdomo kama mamaye.

Waziri akasimama mbele ya kamera na suti yake ya mabaka, akaagiza wodi ya wazazi ishuke chini wiki hiyohiyo, na ofisi zote zipande juu.

"Na mikutano yetu?" Mkurugenzi akauliza kwa unyonge.

"Mtakutania juu. Hewa ni nzuri."

Zikapanda kweli. Mhasibu akapanda, karani akapanda, Mkurugenzi akapanda na viatu vyake vinavyong'aa, akashuka kwenda kula, akapanda, akaitwa lango kuu, akashuka, akapanda. Siku za mwanzo alisimama kwenye kona kama anayefikiri. Baadaye akaacha kujisingizia, akawa anakaa.

Na chini, kina mama wakawa wanaingia kwa miguu yao, moja kwa moja mpaka kitandani, kwenye kiyoyozi.

Mwezi haukuisha. Daktari alikuwa nyumbani kwa mdogo wake, amempakata mtoto, simu ikaita. Akaweka sauti kubwa ili mikono ibaki kwa mtoto. Alikuwa Mkurugenzi, furaha imemjaa.

"Mheshimiwa Daktari! Nina habari njema. Lifti imepona! Mzabuni kapatikana, kaja, katengeneza. Inapanda na kushuka utadhani mpya!"

Daktari akacheka mpaka kiti kikatikisika. Kisha hasira ikampanda, akawakumbuka wale wote waliouma kanga wameshika ukuta. Miaka mingapi mzabuni hakuonekana! Wakubwa wamepanda ngazi kidogo tu, huyo hapo, kaibuka.

"Sasa nilikuwa nafikiria," Mkurugenzi akaendelea, sauti imelainika, "kwa kuwa lifti ipo, tunaweza kuwarudisha kina mama juu kama zamani, nasi tukashuka..."

Chiriku akaivuta simu mezani.

"Shikamoo, Mkurugenzi."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Mimi ndiye niliyezalia kwenye meza yako. Hebu thubutu!"

Akakata simu, akamchukua mwanawe, akamnyonyesha.